Komoni ya Daraja

Jumatatu, 7 Januari 2002

Shule imefunguliwa leo, na darasa langu la sita limefunguliwa nusu. Watoto wa Ng'ambo hawapo hata mmoja. Mto Lukali umejaa tangu Krismasi, na gogo walilokuwa wakivukia limechukuliwa na maji. Watakaa kwao mpaka Aprili, halafu watarudi wamesahau hata jina la mwalimu mkuu.

Mwaka jana niliyaona haya haya, nikashangaa, nikanyamaza. Mwaka huu nimenunua daftari. Mimi ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Mbamba Bay, nimeletwa huku Mkumbi kwenye milima na baridi, na kila siku nakutana na jambo nisilolielewa. Mama yangu husema maswali yangu yatanizeesha mapema. Basi niyaandike, nizeeke nikiwa na ushahidi.

Jumatano, 9 Januari

Mkutano wa kijiji. Alikuja Bwana Methodi kutoka wilayani, kijana mpole mwenye pikipiki na koti la mvua linalomfika miguuni. Anasimamia mfuko mpya wa serikali wa miradi ya wananchi. Zamani, alisema, serikali ilijenga na wananchi wakatazama. Siku hizi ni ubia. Wananchi wanachagua mradi, wanachangia mawe, mchanga na nguvu zao; serikali inaleta saruji na fundi, kisha baada ya ukaguzi inaleta kamba za chuma na mbao. Kwetu sisi daraja la kuning'inia, la waenda kwa miguu, nguzo mbili huku na mbili Ng'ambo.

Alituonya pia. Mitaa ya mjini imeomba masoko, mifereji, vyoo, na watu wa mjini wanajua kuomba. Kijiji kikizembea, fungu lake litahamia huko.

Mzee Ildefonsi wa Ng'ambo alikuwa amezunguka kwa kivuko cha juu, nusu siku nzima ya kutembea, ili aseme neno moja. Alisema mjukuu wake Asteria yuko darasa la sita kwa mwaka wa pili kwa sababu ya mto. "Mwaka huu ukimshinda tena, basi. Atashika jembe." Alilisema bila hasira. Hasira niliipata mimi. Asteria anajua sehemu na desimali kuliko mimi ninavyozijua asubuhi ya Jumatatu.

Watu walipiga makofi sana. Mwenyekiti Egidi alihutubia mpaka mvua ikamnyamazisha. Jumamosi tunaanza kusomba mawe.

Jumamosi, 12 Januari

Mtoni tulikuwa watatu: mimi, Mwenyekiti, na Nazari, fundi mwashi aliyeletwa na wilaya. Wengine walipita na majembe yao kwenda mashambani.

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Poleni na kazi."

"Asante. Karibuni."

"Haya, asante, tumekaribia."

Wakaenda zao. Hakuna aliyekuwa na ufidhuli, hakuna aliyeona aibu. Mwenyekiti anawaita wavivu. Lakini hawa ni watu wanaolima kwenye miteremko ambayo mbuzi angefikiri mara mbili kabla ya kupanda. Uvivu siuoni. Kuna kitu kingine, na sikijui.

Jumapili, 13 Januari

Nimekijua, au nusu yake.

Mama Notburga ndiye mwenye nyumba ninayopanga, mjane, mkali kwa kuku na mpole kwa watu. Nyuma ya nyumba kuna mibuni ya marehemu mumewe ambayo siku hizi anaitazama tu. Ushirika ulipokufa walikuja wanunuzi binafsi na bei nzuri, kisha wakaja na bei mbaya, na mwaka huu wengine hawakuja kabisa. Nilimkuta jikoni baada ya misa.

"Mama, kwa nini watu hawakuja jana?"

"Kazi ilikuwa ya nani?"

"Ya kijiji."

"Nimesikia. Mwenye kazi alikuwa nani?"

"Si sisi wote, mama?"

"Nani alipika?"

Akanieleza. Huku mtu mwenye kazi kubwa hupika pombe, komoni ya mahindi, kisha huwaita watu. Watu huja, hufanya kazi, hunywa. Wanaita ngokela. Anayeita kwa mdomo mtupu ni mpita njia anayepiga kelele. "Serikali imesema mengi," alisema Notburga, "ila haijapika."

Nilicheka mpaka nikapaliwa na moshi. Nikasema, basi tupike sisi. Mimi nitoe mahindi, yeye apike.

"Mahindi yako?"

"Yangu, mama, ya mshahara wangu."

Alinitazama muda mrefu, kijiko mkononi. "Haya, mwanangu. Kama umeamua." Na mimi, ninayeuliza kila kitu, sikuuliza kwa nini alinitazama vile.

Jumamosi, 19 Januari

Mvua. Komoni bado haijaiva. Nyumba nzima inanuka kimea, na mimi Mwanglikana wa watu nimeanza kuipenda harufu.

Jumamosi, 26 Januari

Walikuja! Walikuja kabla jua halijatoka, wanaume na wanawake, na wazee wenye fimbo waliokuja kusimamia tu. Upande wa Ng'ambo nao walitokea, maana Notburga alikuwa ametuma madumu kwa kivuko cha juu tangu jana. Mawe yalitoka mtoni kwa mikono na kwa vichwa. Wanawake waliimba kwa Kimatengo, na kila baada ya ubeti nikasikia jina langu. Nilimuuliza mmoja maana yake akasema, "Tunakushukuru tu, Mwalimu."

Nazari alizunguka akigusa rundo la mawe kana kwamba litapotea. Alasiri Notburga alinipa kata, akasema ni lazima nimgawie kila mtu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilidhani ni heshima ya mgeni. Nilifurahi sana, nikagawa mpaka bega likauma.

Ijumaa, 1 Februari

Saruji imefika. Nimepika tena.

Jumamosi, 9 Februari

Misingi imekwisha pande zote. Nguzo zinapanda. Bwana Methodi amekuja, amepiga picha, ameniambia, "Mwalimu, kijiji chako kina mwamko kuliko vyote wilayani." Nilivimba kichwa, sikatai.

Jumatano, 13 Februari

Jumatano ya Majivu. Notburga ameacha pombe mpaka Pasaka. Anaipika, anaionja kwa ncha ya ulimi, anatema.

Jumamosi, 16 Februari

Leo walikuja wachache, ingawa komoni ilikuwepo. Walibeba mawe ya ngazi kimya kimya, wakanywa kidogo, wakaondoka. Na salamu zimebadilika. Asubuhi nilikutana na wanawake kisimani, wakaniitikia, kisha wakaendelea na habari zao kwa Kimatengo, jambo ambalo hawajawahi kunifanyia. Mmoja alicheka. Nimewakosea nini? Nimepika, nimegawa, nimebeba mawe mpaka kucha zimevunjika. Jioni nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Hawa watu ni wagumu kama milima yao.

Jumatano, 20 Februari

Mgumu ni mimi.

Nilimbana Notburga. Kwanza alisema hakuna kitu. Kisha akaanza kuwataja wanawake, mmoja mmoja. Mke wa Mwenyekiti alipika mwezi huu. Jirani yetu wa bondeni alipika. Mama wa watoto pacha alipika. Wote wanaandaa mashamba ya maharage.

"Ulikwenda?" akaniuliza.

"Kwenda wapi? Mimi si mkulima, mama. Na hawakuniita."

"Mtu aliyekuja kwako hahitaji kukuita. Alikuja kwako mara mbili. Unaona moshi kwake, unachukua jembe, unakwenda. Ulikula nguvu zao, Mwalimu, kisha ukakaa ndani na vitabu."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema alidhani ndiyo maana nimeamua kutoa mahindi yangu: kwamba najua, na nina moyo mkubwa.

Jumamosi, 23 Februari

Nimekwenda kwa mke wa Mwenyekiti kulima ngolo, kilimo chao cha vishimo. Naandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia umejaa malengelenge, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Wanaume hukata majani, wakayapanga juu ya mteremko kwa miraba. Wanawake huchimba katikati ya mraba na kufukia majani kwa udongo, panabaki shimo, na juu ya matuta hupandwa maharage. Mlima mzima unakuwa vishimo vitupu, na mvua ikinyesha maji yanakaa humo, udongo haushuki. Nilichimba vishimo vitatu wakati wenzangu walikuwa wamemaliza safu. Nilianguka nikateleza mpaka kwenye shamba la mtu mwingine. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mke wa Mwenyekiti alinivuta kwa mkono, akasema, "Mwalimu, samaki hawalimi?" Nikasema kwetu samaki wanakuja wenyewe.

Kisimani jioni walizungumza Kiswahili.

Jumamosi, 2 Machi

Kwa jirani wa bondeni. Vishimo saba.

Jumapili, 10 Machi

Jana nilizunguka kwa kivuko cha juu kwenda kulipa Ng'ambo, nikalala kwa Mzee Ildefonsi. Nililima kwenye shamba lake bega kwa bega na Asteria, ambaye analima kama mashine na aliniuliza tumefika ukurasa wa ngapi. Nilipomwambia alirudi kuchimba. Baadaye akasema, "Basi nimebaki mbali." Nilimfundisha kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na wengine wa darasa langu wakaja kusimama mlangoni. Niliona wameanza kuwa watu wazima, mikono imekakamaa, na masomo yameanza kuwa kitu wanachokikumbuka tu.

Ildefonsi alinishukuru kwa kuja. "Umelipa," alisema. "Sasa daraja lako halina neno." Nilidhani ni namna tu ya kusema.

Jumamosi, 16 Machi

Nguzo zote zimesimama. Ngazi za mawe, za kupandia kwenye nguzo, zimekwisha huku na huko. Ukaguzi Jumatatu. Nimefua gauni la bluu.

Jumatatu, 18 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye gari.

Gari lilifika saa nne, limejaa tope hadi kwenye kioo. Alishuka Bwana Methodi na mama mmoja kutoka makao makuu ya mfuko, Dar es Salaam, Bibi Marselina. Si mtu mbaya, lazima niandike hivyo hata kama mkono haupendi. Alipanda ngazi, akapima nguzo, akaweka kiganja juu ya mawe. Alisema ni kazi safi. Kijiji kizima kilikuwa pale, na wa Ng'ambo walisimama ukingoni kwao, maana mto ukiwa mwembamba pale sauti inavuka.

Kisha akauliza swali lake. Alilisema kwa upole, akiwa amekwisha kufungua kalamu: "Ndugu wananchi, mradi huu ni wa nani?"

Wakajibu kwa sauti moja, kwa furaha, vigelegele vikafuata: "Wa Mwalimu Rosina!"

Alicheka, akadhani ni utani. Akauliza tena. "Wa Mwalimu Rosina!" Mto nao ukajibu, Ng'ambo walipiga kelele wakipunga mikono: "Wa Mwalimu!"

Mwenyekiti Egidi akasogea mbele kuongeza heshima. "Huyu ndiye mwenye kazi, mheshimiwa. Alipika yeye, alituita yeye, na nguvu za kila mtu amezilipa. Hadaiwi. Daraja ni lake halali."

Bibi Marselina alifunga kalamu. Alinitazama mimi na gauni langu la bluu. Nilijaribu kusema, na kila nililosema lilisikika kama la mwizi aliyekamatwa. Kando ya gari aliniambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Mwalimu, nimezunguka nchi hii. Nimeona mashine ya kusaga ya wananchi ikiwa nyuma ya nyumba ya diwani. Nimeona kisima cha kijiji chenye kufuli ya mtu. Daima wananchi ndio wanaosema ni chake, na daima wanapiga makofi. Siwezi kuleta kamba za serikali kwenye daraja la mtu mmoja."

Bwana Methodi alikuwa anatazama viatu vyake. Alipata nafasi ya kuninong'oneza kwamba wanashuka Mbamba Bay kukagua mialo ya samaki, watapita tena hapa Alhamisi. Kama hakuna kitakachobadilika, kamba na mbao zitakwenda kwenye mtaa mmoja wa mjini, kwa kivuko cha mfereji. Kivuko cha mfereji! Wangeruka tu.

Watu walikuwa bado wanaimba. Hakuna aliyeelewa kwamba wameliua daraja kwa kuniheshimu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kama nisingelima, kama ningebaki na deni langu, labda wasingesema kwa moyo mmoja vile.

Jumanne, 19 Machi

Nimemwomba Mwenyekiti awafundishe watu kujibu "Wetu sote." Ameita mkutano mtoni, ili na Ng'ambo wasikie. Wamekataa.

Hawakukataa kwa ukaidi. Walikataa kwa haya. Mke wa Mwenyekiti alisimama akasema, "Mwalimu alipika akiwa peke yake. Leo tusimame mbele ya mkaguzi tuseme ni letu? Huo ni wizi wa mchana." Nikasimama nikasema nawapa. Nawapa bure, kuanzia leo.

Ildefonsi akapaza sauti kutoka Ng'ambo: "Ukitupa bure, Mwalimu, tutakulipa nini? Tutakuwa tunadaiwa na wewe mpaka tufe, na watoto wetu. Daraja la deni nani atalipita?"

Nilirudi nyumbani.

Jumatano, 20 Machi

Mvua imenyesha mchana kutwa kama imetumwa. Sijafundisha vizuri.

Alhamisi, 21 Machi

Gari halikuja. Dereva wa lori la chumvi amesema barabara ya Mbamba Bay imekatika mlimani, waliokuwa chini watabaki chini mpaka Pasaka ipite. Nimemshukuru Mungu kwa ubovu wa barabara, kitu ambacho sijawahi kufanya.

Jioni nilikaa na Notburga tukichambua maharage. Sikuwa na mpango wowote. Niliuliza kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Mama, watu wawili wakipika pamoja, kazi inakuwa ya nani?"

"Ya wote wawili. Ndugu hufanya hivyo."

"Wakiwa watano?"

"Ya watano. Ila watagombana."

"Na nyumba zote zikipika? Huku na Ng'ambo? Kila nyumba?"

Alicheka. "Nani ataitwa sasa, kama wote ni wenye kazi?" Kisha akaacha kucheka. Maharage yakabaki mkononi mwake. "Wewe," akasema. "Utaitwa wewe."

Tulitazamana. Nikamwambia kazi imekwisha, nguzo zimesimama. Akasema nguzo ni za saruji ya serikali, haziwezi kubomolewa. Lakini ngazi ni mawe makavu, na ndizo zilizobebwa kwa komoni yangu. Ngazi zikishuka na kupanda tena kwa pombe nyingine, kazi imepata mwenyewe mpya.

"Tatizo ni kimea," alisema. "Hakuna muda wa kuotesha. Kila nyumba ina kimea kimoja tu, cha Pasaka."

Jumapili, 24 Machi

Matawi. Baada ya ibada Notburga alisema na wanawake, wanawake wakasema na waume. Lakini jambo halijawa jambo mpaka lifike kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja kwa mzee wao na kuzungumza. Mimi sina ukoo huku, na mwanamke hakai pale. Nilipita mbali nikaona moshi wa koo zote unapanda kwa wakati mmoja. Nilitamani kuwa nzi.

Ninawaomba watoe Pasaka yao. Mwaka ambao kahawa haikuwapa hata viatu, komoni ya Pasaka ndiyo sikukuu yenyewe. Kama watakataa sitawalaumu.

Jumanne, 26 Machi

Wamekuja na kimea! Wengine kwenye ungo, wengine kwenye kopo la maziwa, ajuza mmoja amefunga kwenye ncha ya kanga. Mwenyekiti Egidi alileta gunia karibu zima, akalitua mbele ya watu ili lionekane. Wanawake walilichukua bila neno, wakalimwaga kwenye pipa pamoja na ya kopo na ya kanga, wakakoroga. Alitazama gunia lake likipotea. Akakohoa, akasema, "Haya basi." Ng'ambo wanapika yao kwa namna hiyo hiyo.

Nami nilileta debe langu la mahindi. Notburga akasimama mlangoni, akanizuia kwa mikono miwili.

"Wewe usilete kitu."

"Hata kidogo, mama? Mimi si mtu wa hapa?"

"Ukitia punje moja, litakuwa lako tena. Rudisha."

Nilirudisha. Nilijua ana haki. Nilikaa kitandani na debe langu nikaona wivu, wivu kabisa, kwa ajuza mwenye ncha ya kanga.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Wamekunywa chai.

Jumatatu, 1 Aprili

Nazari alikaribia kulia. "Ngazi nzuri kabisa!" alikuwa akirudia, huku watu wanazishusha jiwe kwa jiwe, upande huu na ule, na kuzipanga chini kwenye majani. Kisha wakaanza kuzipandisha upya. Nilikuja na mikono mitupu, kama mtu aliyeitwa. Nilibeba mawe niliyokuwa nimeyabeba Februari. Moja nililitambua kwa alama nyeupe. Nyimbo zilikuwa zile zile, lakini jina langu halikuwamo. Nilisikiliza ubeti hadi ubeti.

Ngazi mpya zimepinda kidogo kuliko za kwanza, maana wengine walianza kunywa mapema. Alasiri Notburga aligawa, kisha mke wa Mwenyekiti akagawa, kisha yeyote aliyekuwa karibu na kata. Mimi nilipewa mwisho, kwa mikono miwili, kama mgeni. Ilikuwa tamu.

Alhamisi, 4 Aprili

Wamerudi. Bibi Marselina amebabuka na jua la ziwani na ameshachoka na barabara zetu. Hakupima chochote. Alisimama mbele ya watu, akauliza swali lile lile.

Hakuna aliyejibu. Nilielewa: hakuna mmoja anayeweza kusema kwa niaba ya pipa. Bwana Methodi alianza kufuta uso kwa leso. Bibi akamgeukia Notburga aliyekuwa karibu naye. "Wewe mama, unaogopa nini? Mradi ni wa nani?"

"Wangu," akasema Notburga.

Bibi akakunja uso. Akamwuliza Mwenyekiti.

"Wangu."

Akamwuliza ajuza wa kanga, ambaye hasikii vizuri, alipoelezwa akapiga kifua: "Wangu mimi!" Na Ildefonsi, asiyeulizwa, akapaza sauti kutoka Ng'ambo: "Wangu!" Wakaanza wote, kila mtu kwa sauti yake, wangu, wangu.

"Mnagombana?" aliuliza Bibi Marselina.

"Hapana, dada," akajibu Notburga. "Kila nyumba ilipika."

Ndipo akanigeukia. Watu wote wakanitazama, na niliona wanaogopa. Wangenishtaki kwa nani kama ningesema neno moja tofauti? "Na wewe, Mwalimu? Ni wako?"

Nilikuwa nimejiandaa tangu Jumatatu. "Hapana," nikasema. "Mimi niliitwa tu. Nilibeba mawe, nikanywa." Sikudanganya hata kidogo, na iliniuma sana.

Bibi Marselina akafunga makaratasi, akakaa kwenye ngazi iliyopinda, akamwambia Notburga, "Hebu nieleze hii habari ya kupika, taratibu, toka mwanzo." Alikaa mpaka jioni akiuliza. Akiulizia kimea, akiulizia sengu, akiulizia ikiwa mwanamke mjane anaweza kuita. Nilimsamehe pale pale. Wakati wa kuondoka alisema uamuzi si wake peke yake, ila ataupeleka mwenyewe.

Ijumaa, 26 Aprili

Lori! Kamba za chuma na mbao. Limekwama mara mbili, limesukumwa na shule nzima.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua zimekwisha. Mto umeshuka mpaka magotini, mtu angeweza kupita chini na viatu mkononi. Hakuna aliyepita chini.

Walianza wa Ng'ambo kuja huku, wazee mbele, Ildefonsi ameshika kamba na macho ameyafumba. Kisha wa huku wakaenda. Walikuwa wanavuka bila safari, wakifika wanageuka wanarudi. Watoto wa darasa langu walipita wakikimbia mpaka Nazari akawafokea. Mwenyekiti alivuka polepole katikati ili aonekane. Notburga alivuka na kuku, sijui kwa nini.

Mimi nilisimama chini ya ngazi. Sikujua zamu yangu ni ipi. Mwenye daraja huvuka atakapo, lakini mimi nilikuwa nani? Niliwaza kwamba ningeondoka kimya nikasahihishe madaftari, na hakuna ambaye angegundua.

Asteria alikuwa amekwisha kuvuka mara nyingi kuliko wote. Aliniona. Akarudi mpaka juu ya ngazi, akashika kamba kwa mkono mmoja, akaninyooshea wa pili, na akasema kwa sauti tulivu ya mtu aliye kwake: "Karibu, Mwalimu. Pita tu."

Nikapanda. Juu pale nilisimama, nikapiga hodi kama inavyompasa mgeni, na nikaitikiwa kutoka pande zote mbili za mto.